Umedhulumiwa Tanga: kesi ya Jamhuri, kushtaki mwenyewe, madai au mapatano?

Mtu akidhulumiwa hapa Tanga, ushauri wa kwanza anaoupata ni mmoja: "Kamfungulie kesi." Hakuna anayemuuliza kesi gani. Anashika njia ya kituo cha polisi cha Chumbageni, anaandikisha maelezo, anapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi, na tangu siku hiyo anaamini amepata wakili. Miezi inapita. Siku ya tarehe yake anasimama kwenye veranda ya mahakama akimngoja Wakili wa Serikali amweleze jambo jipya, na yule wakili anampita na rundo la majalada kifuani, anawahi chumba kingine. Mama mmoja wa Makorora aliniuliza kwa uchungu, "Mwanangu, mbona wakili wangu hanitazami hata usoni?"

Nilimjibu kwamba yule ni wakili wa Jamhuri, yaani wa dola, na kwamba katika kesi ile yeye, pamoja na machungu yake yote, ni shahidi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema angejua hivyo tangu mwanzo, angeanza kwingine.

Nafanya kazi ya usaidizi wa kisheria, na swali hilo nakutana nalo kila wiki kwa sura tofauti: kiwanja kilichouzwa mara mbili kule Pongwe, kijana aliyepigwa nondo Mikanjuni, fedha za kikoba zilizotafunwa na mweka hazina. Makala hii ni ya mtu aliyesimama hapo, ana haki mkononi na hajui aipeleke wapi. Njia ziko nne. Zote ni halali, na hakuna hata moja inayomfaa kila mtu.

Vigezo kwanza

Kila njia iulize maswali matano yaleyale. Kesi itakuwa mikononi mwa nani, na nani anaweza kuisimamisha? Ikienda vizuri, mwisho wake utapata nini? Ushahidi ulio nao unatosha kwa kipimo cha njia hiyo? Itakula muda na fedha kiasi gani? Na kosa lenyewe, je, sheria inaruhusu liende huko?

Swali la kwanza nimelitanguliza kwa makusudi. Ndilo watu wasilouliza, na ndilo linalowaliza baadaye.

Njia ya kwanza: kesi ya jinai ya Jamhuri

*Iko mikononi mwa nani.* Mashtaka ya jinai Tanzania Bara yako chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Mamlaka yake yanatoka kwenye Katiba yenyewe, Ibara ya 59B, iliyoingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 2005: kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka. Zanzibar ina Mkurugenzi wake, kwa hiyo aliyedhulumiwa Pemba, ambako wengi wetu huku tuna ndugu, afuate taratibu za huko. Mkurugenzi huteuliwa na Rais, lakini Katiba inataka akiwa kazini awe huru, asiingiliwe na mtu wala mamlaka yoyote, na azingatie mambo matatu: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Yasome tena hayo matatu. Machungu yako yamo ndani yake, ila hayakupewa mstari wa peke yake.

Miaka ya nyuma askari ndiye aliyepeleleza, na askari mwenzake ndiye aliyesimama mahakamani kuendesha mashtaka. Sheria ya mwaka 2008 ya huduma za mashtaka ilianza kuzitenganisha kazi hizo, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikawa ofisi inayojitegemea, nje ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kwa mwananchi wa kawaida maana yake ni hii: polisi wanakusanya ushahidi, jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka, naye analisoma na kuamua. Kuna kesi, hakuna kesi, au jalada lirudi kwa mpelelezi likafanyiwe kazi zaidi. Mtu anayekwenda polisi kila Jumatatu kuuliza "kesi yangu imefikia wapi" mara nyingi anauliza mlango ambao jalada lilishatoka.

Uamuzi mzito kuliko yote ni ule wa kuiondoa kesi. Mkurugenzi anaweza kufanya hivyo wakati wowote kabla ya hukumu. Tarehe 4 Machi 2022 nchi nzima ilishuhudia: kesi ya ugaidi ya Freeman Mbowe na wenzake watatu, ambayo mashahidi wa Jamhuri walikwishasikilizwa na mahakama ilikwishasema washtakiwa wana kesi ya kujibu, ilifikia mwisho siku upande wa mashtaka uliposema hauna nia ya kuendelea. Washtakiwa wakaachiwa. Kama kesi kubwa namna ile hufungwa kwa kauli moja ya upande wa mashtaka, basi na ya kiwanja chako inaweza kufungwa hivyo, hata kama wewe hujaridhika. Kuondolewa kwa namna hiyo, hata hivyo, hakumzuii Mkurugenzi kumshtaki mtu yuleyule tena baadaye.

Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba wewe huwezi kuifuta. Mke aliyepigwa na mumewe, akasamehe, akaenda kusema "nimeifuta kesi," anaweza kushangaa akiletewa wito wa kwenda kutoa ushahidi. Anaweza kumweleza mwendesha mashtaka msimamo wake, na mwendesha mashtaka anaweza kuuzingatia, ila mwenye kuamua ni yule wa pili.

Mamlaka hayo nayo yana ukuta wake. Sheria ilikuwa inamruhusu Mkurugenzi kuweka hati ya kuzuia dhamana. Mahakama ya Rufani ilikitengua kifungu hicho mwaka 2018 kwa kuwa kinapingana na Katiba. Nalitaja hili kwa sababu ya malalamiko ninayoyasikia sana: "Nimemwona soko la Mgandini ananunua samaki, wamekula rushwa wale." Kwa makosa yenye dhamana, mshtakiwa aliyetimiza masharti anatoka nje na kesi inaendelea. Ukimwona sokoni, hilo peke yake halithibitishi lolote.

*Unachopata.* Mtu akitiwa hatiani anakwenda jela, anapigwa faini, au anapewa adhabu nyingine. Fidia nayo inawezekana: mahakama ya jinai ina uwezo wa kuamuru aliyetiwa hatiani akulipe, na Ibara ya 107A ya Katiba inaitaka mahakama kutoa fidia ipasayo kwa walioathirika. Lakini fidia haianguki kutoka darini. Mwendesha mashtaka ndiye atakayeiomba, na hawezi kuomba asichokijua. Hapa ndipo watu wengi wanapokosa haki yao wakiwa wameketi mle mle chumba cha mahakama.

Kwa hiyo tafuta bahasha ya kaki. Mle ndani weka nakala ya PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, risiti za dawa na vipimo kutoka hospitali ya Bombo, jumbe za miamala ya simu zilizochapwa na tarehe zake zinasomeka, na karatasi moja uliyoandika kwa mkono: nimetumia kiasi hiki, kwa kitu hiki, siku hii. Ikabidhi mapema kwa mpelelezi iingie kwenye jalada, na siku ya ushahidi mkumbushe mwendesha mashtaka kwamba unaomba fidia. Mama wa Makorora alikuwa na risiti zake zote. Zilikuwa nyumbani, chini ya godoro.

Tangu mwaka 2019 kuna pia makubaliano ya kukiri kosa, ambapo mshtakiwa anakubaliana na mwendesha mashtaka, anakiri, na anapata nafuu. Malipo ya fidia yanaweza kuwa sehemu yake. Sheria inamtaka mwendesha mashtaka, hali ikiruhusu, ashauriane na mwathirika au mpelelezi. Ukisikia fununu kwamba mshtakiwa "anataka kukiri", usingoje kuitwa. Nenda useme unadai nini.

*Ushahidi.* Kipimo ni kikubwa kuliko vyote: kosa lithibitishwe bila kuacha shaka ya msingi, na mzigo ni wa Jamhuri. Shaka ikibaki, anafaidika mshtakiwa. Uzuri ni kwamba nguvu za dola ziko upande huu. Polisi wanaweza kupata kumbukumbu za simu na za benki ambazo wewe ukienda kuziomba utarudishwa mlangoni.

*Muda na gharama.* Ada hulipi, wakili huhitaji. Unacholipa ni nauli na siku za kazi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022, kwa makosa mengi upelelezi unatakiwa ukamilike kabla mtu hajafikishwa mahakamani, isipokuwa makosa makubwa. Ukimya wa mwanzo, basi, si lazima uwe dalili mbaya. Na jambo la mwisho: mshtakiwa akiachiwa na Mahakama ya Wilaya, mwenye haki ya kukata rufaa ni Mkurugenzi. Wewe huna.

*Inamfaa nani.* Aliyejeruhiwa vibaya, aliyebakwa, aliyevamiwa, anayemwogopa mtuhumiwa, na yeyote ambaye ushahidi wake hauwezi kupatikana bila mkono wa dola. Haimfai sana mtu ambaye haja yake ni fedha zake tu na upesi.

Njia ya pili: kushtaki mwenyewe

*Iko mikononi mwa nani.* Wengi hawajui kwamba njia hii ipo, na milango yake ni miwili.

Mlango wa kwanza ni Mahakama ya Mwanzo. Huko kwa kawaida humkuti Wakili wa Serikali. Mlalamikaji unasimama mwenyewe, unaeleza, unaleta mashahidi wako, unamhoji mshtakiwa, na yote hayo kwa Kiswahili. Unaweza kupeleka malalamiko moja kwa moja kwa hakimu. Makosa yanayofika huko ni kama shambulio la kawaida, matusi, wizi wa vitu vya kawaida, kuharibu mali ya mtu. Na kuna haki moja kubwa ambayo kule kwenye kesi ya Jamhuri hukuipata: mshtakiwa akiachiwa, mlalamikaji unaweza kukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Mlango wa pili ni mashtaka binafsi katika mahakama za juu ya hapo, ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Huu unahitaji kibali cha hakimu. Hutumika kwa nadra, na hata ukikipata kibali, Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuichukua kesi akaiendesha yeye, au akaiondoa. Ukishtaki mwenyewe, mamlaka yake hayajakuondokea.

*Unachopata.* Kama njia ya kwanza: adhabu kwa mkosaji, na fidia ukiiomba. Makosa ya Mahakama ya Mwanzo huwa na adhabu ndogo zaidi.

*Ushahidi.* Mzigo wa kuthibitisha kosa bado ni mzito, na sasa umeubeba wewe. Mahakama itawaita mashahidi wako, lakini haitakupelelezea. Kama jambo lako ni la jirani aliyekutukana mbele ya watu wanne kwenye Barabara ya 12 pale Ngamiani, na wote wanne wako tayari kuja, unayo kesi. Kama linategemea nani alipiga simu usiku na akaunti ipi iliingiziwa fedha, utakwama.

*Muda na gharama.* Mahakama ya Mwanzo iko karibu na watu na haina gharama kubwa. Mlango wa pili utahitaji wakili wa kumlipa. Hatari ipo pia: ukimshtaki mtu kwa chuki bila sababu ya kuridhisha, anaweza kukugeukia na kukudai fidia.

*Inamfaa nani.* Mtu mwenye jambo dogo lililo wazi, mashahidi wa macho, na ujasiri wa kusema mbele za watu. Pia yule aliyeambiwa kituoni "hili dogo, mkayamalize," naye haoni kwamba ni dogo.

Njia ya tatu: shauri la madai

*Iko mikononi mwa nani.* Yako. Unalifungua wewe, unaweza kuliondoa wewe, unaweza kukubaliana na mwenzio katikati ya safari mkaandikiana na mahakama ikalisajili. Mwendesha mashtaka hahusiki kabisa.

*Unachopata.* Fedha, mali, tamko kwamba kitu ni chako, amri ya kumzuia mtu asiendelee kujenga. Jela haimo kwenye hukumu hiyo. Ukishinda kuna kazi nyingine ya kukazia hukumu, maana mdaiwa hatoi fedha kwa sababu hakimu amesoma karatasi. Kabla hujafungua shauri chunguza: huyu mtu ana nini? Ana nyumba, gari, mshahara, duka? Ukimshinda asiye na kitu utabaki na hukumu yako mkononi.

*Ushahidi.* Kipimo ni mizania ya uwezekano: upande ambao habari yake inaelekea zaidi kuwa ya kweli ndio unaoshinda. Kesi nyingi zinazoanguka kwenye jinai kwa sababu ya shaka kidogo zingesimama hapa. Tena kama mtu alikwishatiwa hatiani kwenye jinai na nafasi ya rufaa imeisha, hukumu ile inasaidia kuthibitisha kwamba alitenda kosa.

*Muda na gharama.* Kuna ada, kuna wakili kama unamtaka, na ukishindwa unaweza kuamriwa kulipa gharama za mwenzio. Muda wa kufungua una ukomo: madai ya mkataba miaka 6, madai ya madhara kama kuumizwa au kuharibiwa mali miaka 3, kurejesha ardhi miaka 12. Nimewaona watu walioingoja kesi ya jinai iishe ndipo wadai fidia, wakaja kuambiwa wamechelewa.

Ardhi inastahili maneno zaidi, kwa sababu Tanga mji unavyopanuka kuelekea Pongwe na Kange, viwanja vinauzwa kwa kasi kuliko watu wanavyoandikiana.

Hati ya mauziano ninayoletewa mara nyingi ni karatasi ya daftari yenye mistari. Juu kuna majina mawili. Katikati mipaka: mashariki njia ya miguu, magharibi shamba la mzee fulani, kaskazini mnazi. Chini kuna dole gumba, sahihi ya dalali, na muhuri wa serikali ya mtaa uliofifia. Vinavyokosekana ni vilevile kila mara: vipimo, sahihi za majirani wa mipaka, na ridhaa ya mke au mume wa muuzaji. Kisha anatokea mnunuzi wa pili mwenye karatasi inayofanana na hiyo.

Hapo kuna mambo mawili, na watu wanayachanganya. Muuzaji aliyepokea fedha mara mbili anaweza kushtakiwa na Jamhuri kwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Hilo ni moja. Swali la kiwanja ni cha nani kati yenu wanunuzi wawili ni jambo jingine, na mahakama ya jinai haitakupa jibu lake. Ukikimbilia kumfungulia mnunuzi mwenzio kesi ya kuingia kwa jinai, yaani kuingia kwenye ardhi ya mtu kinyume cha sheria, itaanguka. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 mahakama zetu zimeshika msimamo kwamba pale umiliki unapobishaniwa kwa dhati, uamuliwe kwanza kwa njia ya madai. Kwa sasa unaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 halitoi tena hukumu ya ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila suluhu, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukiruka hatua ya kata utarudishwa, na muda wako utakuwa umepotea bure.

*Inamfaa nani.* Anayetaka fedha au mali yake, mwenye maandishi, na mwenye mdaiwa anayeshikika.

Njia ya nne: mapatano

*Iko mikononi mwa nani.* Yenu wawili, na yeyote mliyemwamini akae katikati: mwenyekiti wa mtaa, wazee, shehe, padri. Hata mahakama yenyewe ina ruhusa ya kuhimiza mapatano kwa makosa kama shambulio la kawaida na mengine ya kibinafsi yasiyo makubwa, na Ibara ya 107A inaitaka ikuze usuluhishi.

*Unachopata.* Fedha, radhi, na ujirani. Katika mitaa yetu, ambako mtu mliyegombana naye ndiye utakayemkuta kesho msibani, hilo la tatu si dogo. *Ushahidi* hauhitajiki zaidi ya ukweli mnaoujua wote wawili. *Muda* ni mfupi, *gharama* ni ndogo.

Udhaifu wake ni mwingine. Anayetoa ahadi mbele ya wazee ni vigumu kumbana baadaye kama hamkuandikiana. Na aliye mnyonge, hasa mke au mfanyakazi wa ndani, anaweza kukubali kwa sababu hana pa kulala usiku huo. Kwa hiyo andikeni: kiasi, tarehe za malipo, mashahidi wa pande zote mbili, na kitakachofuata malipo yakikosekana.

Sasa lipo jambo ambalo siwezi kulisema kwa upole. Kubaka, kulawiti, na unyanyasaji wowote wa kingono kwa mtoto havikaliwi kikao. Nimeingia nyumba ambazo familia mbili zilikuwa zimeshapanga kiasi, na mtoto mwenyewe yuko uani anaosha vyombo, hakuna aliyemuuliza lolote. Kosa la kubaka adhabu yake huanzia miaka 30 jela. Mtoto wa chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kutoa, na mzazi wake hana haki ya kuitoa kwa niaba yake. Zaidi ya hapo, kupokea malipo ili kosa kubwa lifichwe ni kosa la jinai kwa yule anayepokea.

Na hapa ndipo naomba msomaji aangalie upya kile kilichomuumiza mama wa Makorora. Kesi kuwa ya Jamhuri, isiwe ya familia, kunamkera mtu mzima anayetaka kuiongoza kesi yake. Kwa mtoto yule wa uani kunamlinda. Baba hawezi kuiuza kesi, mjomba hawezi kuifuta, na mtuhumiwa mwenye fedha hana wa kumlipa nyumbani akaimaliza. Mwendesha mashtaka anayeielewa kazi yake anasimama kwa niaba ya yule asiyeulizwa. Ndiyo maana napenda ofisi ile iwe imara, na ndiyo maana nachukia ninapoona jalada la mtoto linakaa.

Njia zikikutana

Jinai na madai zinaweza kwenda pamoja. Moja haiifungi nyingine. Mkipatana fidia nje, kesi ya Jamhuri haifi yenyewe, ingawa mwendesha mashtaka anaweza kulitia jambo hilo maanani. Na deni la kawaida ni deni: mtu aliyekopa kwa nia njema akashindwa kulipa hajatenda jinai, na polisi si wakusanya madeni. Tofauti iko kwenye nia ya tangu mwanzo. Alikudanganya ili umpe, au alishindwa baadaye?

Kwa hali yako

Umepigwa na umeumia: matibabu kwanza, PF3 isichelewe, kisha njia ya kwanza. Alama za mwilini zinafutika haraka kuliko tunavyodhani, kwa hiyo hakikisha daktari ameziandika. Kama ni makofi ya ugomvi wa jirani na mnataka kuendelea kuishi mlango kwa mlango, jaribuni mapatano ya maandishi, na yakishindikana Mahakama ya Mwanzo iko wazi.

Kiwanja kimeuzwa mara mbili: anza Baraza la Kata wiki hii kwa ajili ya umiliki, na pembeni andikisha maelezo polisi dhidi ya muuzaji. Usimngoje mmoja amalize ndipo umwendee mwingine.

Fedha za kikoba: soma katiba ya kikundi na daftari la makusanyo. Kama mweka hazina anakiri na ana kipato, madai au mapatano yatawarudishia fedha mapema zaidi. Kama amekimbia au ameghushi daftari, mpelekeni kwenye jinai, maana hapo mnahitaji mtu wa kumtafuta na kumkamata.

Unapigwa nyumbani na unaogopa: Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Usianze na kikao cha ukoo kama kikao hicho kitafanyika chini ya paa la anayekupiga. Aliyeumizwa akiwa mtoto, mpeleke hospitali na Dawati siku hiyo hiyo, bila kumwogesha na bila kufua nguo alizokuwa amevaa.

Huna fedha ya wakili na hujui uanzie wapi: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao hailipiwi. Hatuwezi kukusimamia mahakamani, ila tunaweza kukaa na karatasi zako na kukuonyesha mlango.

Na kama ulishachagua njia ya Jamhuri, jalada limekaa na hakuna anayekujibu: andika barua kwa mkuu wa mashtaka wa mkoa. Taja namba ya RB, tarehe uliyotoa taarifa, kituo, jina la mpelelezi, na swali moja tu: jalada liko hatua gani? Peleka nakala mbili, moja waigonge muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Usiombe upendeleo, usimtuhumu mtu. Rudi baada ya wiki mbili ukiwa na nakala hiyo mkononi, na ukiambiwa jalada limefungwa, uliza limefungwa kwa sababu ya ushahidi gani uliokosekana. Mara nyingine kilichokosekana ni risiti iliyo chini ya godoro lako.